Barua ya wazi: Msitupime Juni kwa kazi ambayo hamkuiona tangu Julai

KWA: Utumishi, TAMISEMI na Wizara ya Afya, wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu na wauguzi wakuu wa mikoa na halmashauri, waganga wafawidhi na wauguzi viongozi wa wodi zote.

YAH: MAANDALIZI YA TATHMINI YA UTENDAJI KAZI KWA WAUGUZI NA WAKUNGA

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mwaka wa tathmini unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Ndivyo ilivyokuwa OPRAS, mfumo wa wazi wa tathmini ya watumishi wa umma, ilipoanza mwaka 2004 kuchukua nafasi ya ripoti za siri, na ndivyo ilivyo hata baada ya PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa tathmini hiyo, kuja na kuhamisha fomu kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye skrini. Wodini, hata hivyo, mwaka huo una mwezi mmoja tu. Juni ikifika, ujumbe unadondoka kwenye kundi la WhatsApp la kituo: ambao hamjajaza, mwisho ni Ijumaa saa 9 na nusu alasiri. Wiki hiyo malengo ya Julai yanatungwa, mapitio ya nusu mwaka yanatungwa, na alama inatolewa, vyote kwa mkupuo. Muuguzi anaambiwa hakujiandaa. Ni kweli hakujiandaa. Lakini vitu vitatu ambavyo maandalizi yanavihitaji, yaani lengo linalopimika, mtu wa kuiona kazi, na muda wa kukaa kikao, viko mikononi mwenu. Barua hii inahusu vitu hivyo vitatu.

Tuanze na malengo, kwa sababu yakiharibika hapo hakuna kinachopona mbele. Lengo linaloongoza kwa kunakiliwa nchini ni "kutoa huduma bora kwa wagonjwa". Haliwezi kutimizwa wala kushindikana. Ni kama kuandika "kuishi vizuri". La pili kwa umaarufu linatoka upande wa pili wa uwanja: "kupunguza vifo vya akina mama kwa asilimia 50". Hilo linapimika, ila mpimwaji hana usukani wake. Mama anayevuja damu anahitaji mkunga aliyemchoma oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) uniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na hapo mkunga awajibike bila kona. Anahitaji pia damu kwenye jokofu, gari la rufaa lenye mafuta na daktari wa kumpasua, na hayo hayapo kwenye maelezo ya kazi ya muuguzi yeyote. Mpeni mkunga lengo la oksitosini. La damu na mafuta ni la kwenu.

Chukueni patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto. Lengo zuri la mkunga linaweza kusomeka hivi: "Kuanzia Agosti hadi Juni, katika kila patografu 10 zitakazochukuliwa bila kuchagua, angalau 9 ziwe na mapigo ya moyo wa mtoto yaliyoandikwa kila nusu saa, kwa zamu ambazo mkunga mmoja hana zaidi ya akina mama 2 walio kwenye uchungu." Kipande cha mwisho cha sentensi hiyo ndicho kinachofutwa mara nyingi kwa kuambiwa ni kisingizio. Hesabuni wenyewe.

Patografu inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila dakika 30, kwa dakika 1 nzima. Inataka mapigo ya mama kila dakika 30. Inataka uchungu uhesabiwe kila dakika 30, na kuhesabu uchungu maana yake ni kuweka mkono tumboni kwa dakika 10, kuona umekuja mara ngapi na kila mmoja umekaa sekunde ngapi. Njia, yaani mlango wa kizazi ulivyofunguka, na shinikizo la damu huangaliwa kila saa 4, hivyo tuviache kando. Mkunga hodari anaweza kushika mapigo ya mama huku mkono wa pili uko tumboni, lakini dakika 10 ni dakika 10. Mama mmoja anakula dakika 10 za kila nusu saa, wawili 20, watatu 30. Saa imeisha, na bado hajanawa mikono kati ya mama na mama, hajaandika hata nukta moja, hajamjibu ndugu anayegonga mlango. Mama wa nne yuko nje ya saa. Na mmoja wao akijifungua, huyo naye anatakiwa kuangaliwa kila dakika 15 katika saa ya kwanza: damu inayotoka, mfuko wa uzazi kama umekaza, shinikizo, mapigo.

Sasa mpeni mkunga huyo, mwenye akina mama 5 usiku, lengo la patografu 100 kwa 100 bila kutaja idadi. Atalitimiza. Asubuhi patografu zote 5 zitakuwa zimejaa, na ninyi mtampa alama ya juu kwa kuchora.

Patografu iliyopikwa inajulikana, na anayepima anapaswa kujua kuitambua kabla hajashika kalamu ya alama. Mapigo ya mtoto yanasomeka 140, 140, 138, 140 kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mtoto hakukutana na uchungu hata mmoja. Wino ni mmoja na mwandiko ni mmoja wakati zamu zilibadilishana katikati. Nukta za njia zimepangwa kama shanga upande wa kushoto wa mstari wa tahadhari, ule unaoonyesha uchungu unachelewa, hakuna iliyougusa. Muda wote unaishia kwenye 00 au 30. Dawa yake ni kufungua kitabu cha 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), yaani rejista ya wazazi, kusoma saa aliyopokelewa mama na saa aliyojifungua, kisha kuhesabu nukta. Mama aliyeingia saa 9:10 usiku na kujifungua saa 9:40 hawezi kuwa na rekodi ya muda wa saa 4. Ukaguzi huo unachukua dakika 3 kwa faili moja. Ukifanyika kila mwezi, upishi unaisha wenyewe, kwa sababu nafasi tupu yenye maelezo "akina mama 5, mkunga 1" inakuwa salama kuliko nafasi iliyojazwa uongo.

Namna ya kuchukua faili 10 ina makosa yake. Msimamizi asichague, na wala anayepimwa asilete alizozipenda. Kituo chenye watoto 50 wanaozaliwa kwa mwezi, pigeni kura ya namba kati ya 1 na 5, muanzie hapo kwenye kitabu cha 12 na kuchukua kila ya tano. Kituo chenye watoto 15, angalieni zote. Mkague mkiwa watu wawili, mmoja wa wodi nyingine. Halafu mkumbuke kwamba faili 10 ni za wodi. Mkunga mmoja anaweza kuangukiwa na faili 1 mwezi mzima, na kumpa mtu alama kwa faili 1 ni bahati nasibu. Limbikizeni miezi 6, kila mtu afikishe angalau faili 5 zake, ndipo mzungumze juu yake kama yeye.

Wodi za kawaida zina mambo yao, na kubwa ni chati ya dawa. Lengo "dawa zote zitolewe kwa wakati" linaanguka siku dawa inapoisha stoo. Muuguzi anabaki na njia mbili: kuacha kisanduku wazi na kuonekana mzembe, au kusaini dozi ambayo mgonjwa hakuiona. Waekeeni njia ya tatu. Kisanduku kiandikwe alama ya "haipo stoo", "mgonjwa amekataa" au "yuko chumba cha upasuaji", na dozi hizo zitolewe kwenye hesabu kabla ya kutafuta asilimia. Mgonjwa mwenye dozi 20 za wiki, 4 zikiwa hazikuwepo stoo, anapimiwa 16. Zile 4 zipelekwe kwa mfamasia na kwa mganga mfawidhi zikiwa na tarehe zake.

Kuna lengo moja tunaomba lifutwe kokote liliko: sifuri. Sifuri ya makosa ya dawa, sifuri ya vidonda vya mgandamizo, sifuri ya wagonjwa kuanguka kitandani. Vidonda havipungui kwa kuandikiwa sifuri, vinahamishiwa kwenye jina lingine: "alikuja navyo". Muuguzi aliyetoa dozi ya mgonjwa wa kitanda cha 7 kwa mgonjwa wa kitanda cha 9 kisha akasema dakika hiyo hiyo, daktari akaitwa, mgonjwa akaangaliwa, tukio likaandikwa, huyo amefanya kazi yake. Kwenye wodi ya lengo la sifuri angenyamaza, na asingekuwa mjinga. Pimeni kitendo kinachozuia: mgonjwa asiyeweza kujigeuza aligeuzwa kila saa 2, na saa ziliandikwa? Ngozi ilikaguliwa siku aliyopokelewa na kuandikwa siku hiyo hiyo, ili "alikuja navyo" iwe na ushahidi? Na matukio yaliyoripotiwa yasigeuzwe fimbo ya Juni.

Upande wa muuguzi, hatuji mikono mitupu. Kila mmoja wetu anaweza kuwa na kijitabu cha kurasa 40 mfukoni, na kwa kila zamu mstari mmoja: tarehe, zamu, wagonjwa waliokuwepo, wauguzi waliokuwepo, jambo moja lililotokea nje ya kawaida. "14/10, usiku, wagonjwa 31, muuguzi 1 na mhudumu 1, rufaa 1, damu chupa 2." Dakika 2, kabla ya kukabidhiana zamu. Jina la mgonjwa lisiandikwe humo kabisa, na kurasa za MTUHA zisipigwe picha kwa simu. Siri ya mgonjwa haipumziki kwa sababu muuguzi anatafuta alama. Mwisho wa mwezi anajumlisha. Muuguzi anayeingia kwenye mapitio ya Januari na karatasi inayosema zamu za usiku 30, kati ya hizo 19 akiwa peke yake, anazungumza kwa namba, na msimamizi naye anajibu kwa namba.

Pamoja na kijitabu kuwe na faili moja jembamba: maelezo ya kazi, malengo yaliyosainiwa, leseni hai kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, vyeti vya mafunzo endelevu, barua za pongezi na za onyo pia. Ndiyo, za onyo. Anayezificha anakutana nazo mezani zimeshikwa na mtu mwingine.

Na kuna kazi ambazo hazina kisanduku popote. Kumsimamia mwanafunzi wa mazoezi wiki 6. Kuhesabu dawa za wodi zinazodhibitiwa kila zamu na kusaini. Kusindikiza rufaa: mkunga anapanda gari saa 5 usiku, anafika hospitali ya mkoa, anasubiri machela, anarudi alfajiri, na kwenye takwimu zake za usiku huo kuna uzazi 0. Saa za rufaa zihesabiwe kama kazi iliyofanyika, kwa sababu hakuna siku alifanya kazi zaidi ya siku hiyo. Pia muuguzi aliyetoka likizo ya uzazi ya siku 84 hakuwepo karibu robo ya mwaka. Kama lengo lake lilikuwa vipindi 12 vya elimu ya afya kliniki, vipunguzwe viwe 9 siku anayoondoka, kwa maandishi. Mwaka mmoja baadaye kila mtu anakuwa amesahau.

Tuje kwenye kuonwa. Kiongozi wa wodi anaingia asubuhi na kutoka alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Anawaona vizuri wa zamu ya asubuhi, anawaona kidogo wa jioni, na wa usiku anawafahamu kwa kitabu cha ripoti na malalamiko. Kwa hiyo mwenye sura inayoonekana saa 2 asubuhi anapata alama nzuri, na aliyekesha na wagonjwa 31 anapata "wastani". Hatudai mkeshe nasi kila wiki. Tunaomba kila muuguzi aangaliwe kazini mara 3 kwa mwaka, dakika 20 kila mara, na moja kati ya hizo iwe usiku au mwisho wa wiki. Mwangalizi awe na orodha fupi mkononi: amenawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa? Amemuuliza jina lake kabla ya kutoa dawa, au ameangalia namba ya kitanda tu? Amesaini baada ya kutoa au kabla? Amemweleza mgonjwa anachomfanyia? Anayeangalia aandike alichokiona, si alichokuwa akikifikiria tangu zamani juu ya mtu huyo, kisha amwambie mhusika siku hiyo hiyo. Maneno yanayosubiri Juni huwa yameshachacha.

Wodi zinazozungusha watu kila baada ya miezi 3 au 4 zina tatizo jingine: anayepima Juni amekaa na muuguzi wiki 10 tu. Kiongozi wa wodi ya awali aandike nusu ukurasa siku muuguzi anapohama, wote wawili wasaini, nakala iingie kwenye lile faili jembamba. Na anayehama kituo kizima, ahakikishiwe ndani ya mwezi wa kwanza kwamba kwenye mfumo amewekwa chini ya msimamizi mpya. Asipowekwa, mtu wa wilaya nyingine ndiye anayesubiriwa kuthibitisha kazi ambayo hajawahi kuiona.

Kikao chenyewe. Wodi yenye wauguzi 24, kila mmoja akipewa dakika 45, inahitaji saa 18. Zikibanwa kwenye siku 2 za mwisho wa Juni ni saa 9 kwa siku bila kiongozi kugusa wodi, na hapo ndipo dakika 45 zinapogeuka 4. Zitawanyeni kwenye wiki 3: watu wawili kwa siku, siku 12 za kazi, na siku 3 zinabaki za dharura. Muuguzi apewe taarifa siku 7 kabla. Asiitwe saa 2 asubuhi akiwa anatoka zamu ya usiku. Mtu aliyekesha atakubali alama yoyote ili akalale, na hilo mnalijua, maana mmewahi kukesha. Kila upande uje umeshaandika alama zake. Fomu ya OPRAS ilikuwa na safu tatu, ya anayepimwa, ya msimamizi na ya alama iliyokubaliwa, na ile ya tatu ndiyo iliyoufanya mfumo uitwe wa wazi. Kwa miaka mingi safu ya tatu ilikuwa nakala ya safu ya pili. Mfumo wa skrini haukuzuii kukaa na kukubaliana kabla ya kubofya. Msipokubaliana, sababu za pande zote mbili ziandikwe, na awepo mtu wa tatu ambaye pande zote zinamkubali.

Alama sawa kwa wote, ile ya "ili nisigombane na mtu", tunaijua na tunaielewa. Lakini wodi nzima ikipata alama moja, aliyefanya kazi ya watu wawili anajifunza asiirudie mwaka ujao.

Mwisho kuna suala la neno la siri, ambalo linaonekana dogo. Wodi nyingi zina kompyuta moja, nayo iko kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ikipokea wagonjwa; muuguzi anajaza PEPMIS kwa simu yake na bando lake, baada ya kazi. Asiyeweza anakwenda steshenari, anamwachia kijana namba ya cheki (namba yake ya utumishi) na neno la siri, na kijana anamjazia kwa kunakili malengo ya mteja aliyetangulia. Ndiyo maana mnakuta muuguzi wa wodi ya watoto ana lengo la kusimamia mitihani ya darasa la saba. Kucheka mcheke, lakini akaunti hiyo hiyo ya ESS, mfumo wa mtumishi kujihudumia, ndiyo yenye likizo, uhamisho na mikopo. Tengeni saa 1 kwa mwezi kwa kila muuguzi, ndani ya ratiba ya zamu, kwenye kompyuta ya ofisi, awepo mtu wa utumishi wa kumwelekeza. Na ninyi wa juu mpange majukumu yenu kwenye mfumo wiki ya kwanza ya Julai, maana mkubwa asipopanga, wa chini yake anakosa cha kujipimia.

Tunaomba ratiba ya Julai ijayo iwe na kikao kimoja cha wodi cha muda wa saa 2, kabla ya tarehe 15, chenye ajenda moja: malengo, na idadi ya wagonjwa ambayo malengo hayo yanahesabiwa juu yake. Vitabu vya MTUHA vya mwaka unaoisha viwepo mezani. Chai tutajitafutia wenyewe.

Ni sisi,
Wauguzi na wakunga wa zamu.

Nakala: Ubao wa matangazo, chumba cha kukabidhiana ripoti, kila wodi.